Barafu ya Kwanza na Maji Mafupi: Kutafuta Sababu Pale Samaki Wanapokosekana

Kila mwaka, kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, maziwa mengi ya Minnesota huanza kufungwa na barafu, na ghuba ndogo zenye kina kifupi ndizo hutangulia, kwa kuwa maji machache hupoteza joto upesi na miti ya ufukweni huyakinga yasisukwasukwe na upepo. Ghuba hizohizo ndizo zinazokuwa na samaki wadogo wa kukaanga wakati huo: blugili (Lepomis macrochirus), krapi mweusi (Pomoxis nigromaculatus) na pachi wa manjano (Perca flavescens), ambaye asichanganywe na sangara wa Ziwa Victoria, kwani huyu wa Minnesota ni nadra kuzidi sentimita 35. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake, ambao tayari wana keekee ya barafu, ufito mfupi na leseni, lakini wanarudi nyumbani mikono mitupu bila kujua kasoro iko wapi.

Msimamo wangu ni kwamba katika wiki tatu za mwanzo, mvuvi anayekosa samaki kwenye maji mafupi huwa amesimama mahali pasipofaa au amewashtua samaki, na ni mara chache chambo chake ndicho chenye lawama. Wavuvi wengi hufanya kinyume: wanakaa kwenye tundu moja saa nzima wakibadilisha ndoana za rangi mbalimbali, ilhali hatua thelathini kutoka hapo kuna kundi la blugili ambalo lingemeza chochote. Ndiyo maana dalili zilizo hapa chini zimepangwa kuanzia mahali, kisha kelele na mwanga, na chambo kikafuata baadaye.

Dalili inayotangulia zote: barafu isiyoaminika

Hakuna samaki anayestahili kufuatwa juu ya barafu ambayo haijapimwa, na barafu ya mwanzo ndiyo inayodanganya kuliko zote. Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri unene usiopungua inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji wakati wa kuganda, ina takriban nusu ya nguvu ya barafu angavu, kwa hiyo unene wake unapaswa kuwa maradufu.

Kifaa cha kupimia ni mtaimbo. Piga kwa nguvu mbele yako kila baada ya hatua chache, na ukiona mtaimbo umepenya kwa pigo moja, rudi kwa njia uliyojia, tena ukiburuta miguu badala ya kuinyanyua. Ukipita salama mahali pamoja usidhani kwamba mita ishirini mbele hali ni hiyohiyo. Barafu huwa nyembamba karibu na mdomo wa kijito, juu ya chemchemi, kwenye mlango mwembamba unaounganisha ghuba na ziwa kubwa, kandokando ya matete, na karibu na gati ambazo wenye nyumba huweka mashine za kusukuma maji ili mbao zao zisibanwe na barafu.

Kuna dalili moja inayowatisha wageni pasipo sababu, nayo ni mlio. Barafu inayoendelea kuwa nene hutanuka na kusinyaa, na hutoa mngurumo mrefu unaokimbia kutoka ufuko hadi ufuko. Mlio huo peke yake haumaanishi kwamba barafu inavunjika, wala kimya hakimaanishi kwamba ni imara. Uamuzi utokane na unene uliopimwa. Vaa koti la kuelea, ning'iniza shingoni vijiti viwili vyenye misumari ya kujiokolea, chukua kamba, na usiende peke yako. Aliyetumbukia ageukie upande alikotoka, kwa kuwa ndiko kwenye barafu iliyombeba, akite misumari juu ya barafu, apige miguu kama anayeogelea mpaka mwili ulale juu, kisha abingirike kuelekea ufukweni bila kusimama.

Dalili: umetoboa matundu kadhaa na hakuna hata samaki mmoja

Hili ndilo tatizo kubwa, na sababu yake hasa ni majani. Wakati barafu ingali mpya na haijafunikwa na theluji, mwanga wa jua hupenya hadi chini, na baadhi ya mimea ya majini huendelea kuwa ya kijani na kutoa oksijeni. Ndani ya majani hayo wanaishi mabuu ya wadudu, vikamba vidogo na konokono, navyo ndivyo chakula cha blugili. Mimea mingine hufa mapema katika vuli, ikaoza, na kuoza huko hula oksijeni badala ya kuiongeza. Basi ghuba mbili zinazofanana kwa macho, zenye kina sawa na ukubwa sawa, zinaweza kutofautiana kabisa: moja imejaa samaki, nyingine haina kitu.

Hali ya majani ni rahisi kuijua. Teremsha ndoana hadi chini, iburute kidogo, uivute juu na utazame kilichonasa. Jani zuri ni la kijani, ni gumu kidogo, linakatika kwa mlio mdogo unapolikunja kati ya vidole, na ukilitikisa juu ya theluji mara nyingi utaona vidudu vyenye rangi ya kijivu, vidogo kama punje ya mchele iliyovunjika, vikijipinda kabla ya kuganda. Jani baya ni la kahawia, linateleza, linashikamana na vidole, na huenda likanuka kama yai viza. Ukipata la aina ya pili katika matundu matatu yaliyotawanyika, fungasha vifaa uende ghuba nyingine, na usipoteze muda kujaribu chambo. Viputo vilivyogandia ndani ya barafu visikudanganye, maana vinaweza kuwa oksijeni iliyotoka kwenye mimea hai, au gesi iliyotoka kwenye tope linalooza.

Sababu ya pili ni kina. Maji huwa mazito kupita yote yanapokuwa na nyuzi 4 za Selsiasi, hivyo wakati wa baridi maji ya nyuzi sifuri hukaa juu, chini ya barafu, na yale yenye joto zaidi hukaa sakafuni, ambako tope nalo hurudisha polepole joto lililohifadhiwa tangu kiangazi. Blugili hukaa katika ule ukanda wa chini na wa kati, na mwanzoni mwa msimu nimezoea kuwatafuta kwenye kina cha mita 1.5 hadi 3. Mahali penye kina cha nusu mita, hata pakiwa na majani mazuri, panaacha nafasi ndogo sana kati ya barafu na tope. Anza kwenye mita mbili, toboa mstari wa matundu kuelekea nje ya ghuba kwa umbali wa hatua sita au saba kati ya tundu na tundu, mpaka ufike pale majani yanapokoma. Ukingo huo wa nje, mahali ambapo kichaka kirefu cha majani kinakutana na sakafu tupu, ndio wa kuchunguzwa kwa makini kuliko pengine popote, na krapi hupapenda hasa. Baada ya ukingo, angalia mianya iliyo katikati ya majani, kwa sababu samaki hukaa pembeni mwa uwazi ambako wanaweza kuona chakula na papo hapo kujificha.

Sababu ya tatu inatokana na kuamini chombo kupita kiasi. Sona, yaani chombo kinachotafuta samaki kwa mawimbi ya sauti, ni kifaa kizuri kwenye kina kirefu, lakini katika maji mafupi inaona eneo dogo sana. Sona yenye pembe ya nyuzi 20 ikiwa juu ya maji ya mita 2 inaangaza duara lenye upana wa takriban sentimita 70 tu sakafuni, na yenye pembe ya nyuzi 9 haifiki hata sentimita 35. Skrini tupu, kwa hiyo, inakuambia kwamba hakuna samaki aliye chini ya miguu yako kwa sekunde hiyo, basi. Isitoshe, majani yenyewe hujaza skrini alama ambazo mgeni huzidhania samaki, au humficha samaki aliye ndani yake.

Katika maji angavu ya mita mbili au pungufu, macho yako yana faida kuliko sona. Tandika godoro dogo la sponji, lala kifudifudi, jifunike kichwa na tundu kwa koti zito ili mwanga wa juu usiingie, na usubiri macho yazoee. Baada ya dakika moja au mbili sakafu itajitokeza: majani yaliyosimama, konokono, na kama mahali ni pazuri, blugili wanaoteleza polepole mmojammoja wakiyachunguza majani. Naupenda uvuvi huu kuliko mwingine wote wa majira ya baridi, kwa sababu unafundisha kwa siku moja mambo ambayo skrini haiwezi kuyafundisha kwa msimu mzima: unaona jinsi samaki anavyokikaribia chambo, anavyosimama, anavyofungua mdomo, na anavyokitema.

Kwa anayetaka kuchagua ghuba kabla ya kutoka nyumbani, Idara ya Maliasili ina ukurasa uitwao LakeFinder wenye ramani za kina na matokeo ya uchunguzi wa samaki kwa maelfu ya maziwa. Tafuta ghuba iliyo upande uliokingwa, yenye mteremko wa taratibu na majani yaliyotajwa kwenye ramani, na iliyo karibu na shimo lenye kina kirefu zaidi, kwa kuwa samaki watalihitaji shimo hilo baadaye.

Dalili: samaki walionekana, kisha wakatoweka ulipoanza kuvua

Hapa chanzo ni wewe mwenyewe, tena mara nyingi pasipo kujua. Samaki ana mstari wa hisia ubavuni unaopokea mtikisiko wa maji, na katika kina cha mita mbili kila hatua inayolia juu ya barafu, kila kisanduku kinachoangushwa, na kila tundu linalotobolewa kinamfikia. Barafu isiyo na theluji inazidisha tatizo, kwa kuwa haina kitu cha kumeza mlio, na pia kivuli chako kinaonekana kutoka chini kama kivuli cha ndege anayewinda.

Dawa ni utaratibu. Toboa matundu yote kwanza, kumi au kumi na tano, kisha ondoka utulie kwa dakika ishirini kabla ya kushusha mshipi. Rudi ukitembea taratibu na uanze na tundu ulilotoboa mwanzo, kwa kuwa ndilo lililopata muda mrefu wa kutulia. Kwa barafu ya sentimita 10 hadi 15, keekee ya mkono yenye upana wa inchi 6 na makali mapya inatosha kabisa, na ni nyepesi kubeba. Mashine ya injini haina kazi hapa. Sheria ya Minnesota inaruhusu tundu lisilozidi inchi 12, lakini kwa blugili na krapi sioni sababu ya kupita inchi 8.

Mwanga unaoingia tunduni ni kosa jingine. Tundu safi juu ya barafu iliyofunikwa kidogo na theluji hutupa mwale wa mwanga hadi sakafuni, na blugili wakubwa huukwepa. Usiondoe chenga za barafu zote. Ziache zielee, fungua kwa kidole nafasi inayotosha mshipi kupita, na usikwangue theluji iliyo karibu na tundu. Theluji nyembamba ya kwanza, ya sentimita mbili au tatu, ni rafiki wa mvuvi: inapunguza mlio wa hatua, inaficha kivuli, na bado inaruhusu mwanga wa kutosha kwa majani.

Wakikimbia licha ya hayo yote, sogea kwenye tundu la nne au la tano kutoka hapo na uliache la kwanza kwa nusu saa. Kundi la blugili lililoshtuka halitoki ghubani. Mara nyingi linazunguka ndani ya kichaka kilekile na kurejea likishatulia.

Dalili: wanakuja, wanakitazama chambo, wanaondoka

Sasa unaweza kuanza kushuku chambo, ingawa rangi yake ndiyo ya kushukiwa mwisho. Kwanza tazama kama kinazunguka. Mshipi unaoviringwa kwenye rili ndogo husokoteka, na ukiteremshwa unajifungua, hivyo chambo kinazunguka chenyewe mfululizo. Hakuna buu wala kamba wa ziwani anayejizungusha hivyo, na blugili aliyesimama sentimita tatu kutoka kwenye chambo ana muda wote wa kugundua. Shusha chubwi zito lisilo na ndoana, liache lining'inie mpaka msokoto uishe, kisha funga ndoana upya. Unapovua, ukiona chambo kinaanza kuzunguka, ubane mshipi kwa vidole viwili juu ya tundu kisimame. Zipo rili maalumu za barafu ambazo mshipi hutoka moja kwa moja bila kusokoteka, na kwa anayevua blugili kila wiki zina thamani ya bei yake.

Pili, tazama fundo. Ndoana ndogo za aina hii zimetengenezwa zining'inie kwa ulalo, na fundo likiteleza kuelekea mbele au nyuma ya tundu la ndoana, chambo kinainama vibaya. Lirudishe katikati kila baada ya kumtoa samaki. Hiki ni kitu kidogo ambacho watu hukidharau, nami nimeona mara kwa mara samaki waliokataa wakikubali baada ya fundo kurekebishwa peke yake.

Tatu ni unene. Mshipi wa ratili 2 au 3, yaani unaohimili uzito huo kabla ya kukatika, unatosha kwa samaki hawa wote, na ule wa ratili 6 uliobaki kutoka kiangazi unaonekana wazi na unakaa umejikunja kama chemchemi. Ndoana iliyotiwa uzito wa tungsteni inafaa kuliko ya risasi, kwa kuwa tungsteni ina uzito wa gramu 19.3 kwa sentimita moja ya ujazo na risasi gramu 11.3. Kwa hiyo kipande cha milimita 3 au 4 kinaunyoosha mshipi mwembamba na kushuka katikati ya majani bila kuwa kikubwa kuliko mdomo wa blugili, ambao ni mdogo kweli. Funza mmoja au wawili wanatosha. Watoboe kidogo upande mmoja ili utomvu utoke, na uwabadilishe wakishakuwa ngozi tupu.

Nne ni mwendo, na hapa aina ya samaki inabadilisha kila kitu. Blugili anataka mtetemo mdogo sana, kisha utulivu kamili wa sekunde tatu hadi tano. Mara nyingi humeza wakati wa utulivu. Akikaribia, kiinue chambo polepole sana. Akikifuata, ana njaa na atadonoa. Akirudi nyuma, acha kutikisa kabisa. Krapi ana macho yaliyokaa juu kichwani na hula akipanda, kwa hiyo chambo kikae sentimita 30 au zaidi juu yake, kwani kikishuka chini ya kiwango chake hakioni. Pachi anatembea karibu na sakafu, na kinachomvuta ni vumbi la tope: gonga sakafu kwa chambo mara mbili tatu, kiinue kimo cha kiganja kimoja, utulie.

Dalili: wanadonoa lakini hawanasi

Katika maji ya baridi blugili hamezi kwa pupa. Anavuta maji pamoja na chambo ndani ya mdomo, akihisi kitu kigumu anakitema, na yote hayo yanaweza kwisha kabla ncha ya ufito mgumu haijatikisika. Mvuvi asiyehisi kitu hudhani samaki hawapo, kumbe ameshakosa kadhaa. Kinachohitajika ni ncha laini: waya mwembamba au kipande cha plastiki kinachofungwa mwishoni mwa ufito, kilichorekebishwa ili uzito wa ndoana ukiinamishe kidogo. Ncha hiyo ikizama kiasi cha unene wa njiti ya kiberiti, inua kwa kiganja, bila kugutua.

Dalili inayowapita wengi ni ya ncha kupanda. Krapi akimeza huku akipanda, anaubeba uzito wa ndoana, mshipi unalegea, na ncha iliyokuwa imeinama inanyooka. Mwenye kungoja mshipi uvutwe chini atangoja bure. Anayetumia kiboya achague kidogo kabisa, kisha akipunguzie uwezo wa kuelea kwa kubana chubwi dogo juu ya mshipi mpaka kibaki kidogo tu juu ya maji. Kikilala ubavu au kikipanda ghafla, samaki amekwishashika.

Samaki wakiendelea kuponyoka, pima ncha ya ndoana kwa kuiburuta juu ya ukucha. Isiposhika, inoe au itupe. Kisha angalia kama funza ameziba uwazi wote wa ndoana.

Dalili: wanaonaswa ni wadogo tu

Vikundi vya blugili wadogo hukaa ndani ya kichaka kizito, ambako samaki wakubwa walao nyama hawawafikii kwa urahisi, na hufika kwanza kwenye chambo kwa kuwa hawana hadhari. Ukitoa watatu mfululizo wenye urefu wa kiganja, usibaki hapo ukitumaini baba yao atakuja. Sogea kwenye ukingo wa nje, au mita moja ya kina zaidi, au kwenye mwanya ulio mbali na nyayo za wavuvi wengine. Blugili wakubwa hutokea wachache wachache, na mara nyingi tundu moja hutoa mmoja au wawili, kisha linanyamaza. Badilisha funza kwa kipande chembamba cha plastiki laini, ambacho wadogo huchoka nacho mapema na wakubwa hawakichukii.

Pengine, hata hivyo, tatizo si lako bali ni la ziwa lenyewe, na jambo hili linanigusa. Wanaojua jinsi dume la sato linavyochimba kiota chake sakafuni watalielewa upesi. Dume la blugili nalo huchimba kiota cha duara mwishoni mwa masika, katika makundi ya viota vingi, na tofauti na sato, ambaye jike lake hubeba mayai mdomoni, dume hili hulinda mayai na watoto kiotani. Madume makubwa yanapokuwepo, yale madogo huchelewa kukomaa na kuendelea kukua. Yakivuliwa yote, madogo hukomaa mapema, nguvu zao zinaingia kwenye kuzaa badala ya kukua, na ziwa linabaki na maelfu ya samaki wasiofika ukubwa wa kiganja. Kwa sababu hiyo Minnesota, ambayo kikomo chake cha jumla kimekuwa blugili na jamaa zake 20 na krapi 10 kwa siku, tangu 2021 imeongeza maziwa ambayo kikomo cha blugili kimeshushwa hadi 10 au hata 5. Soma kanuni za ziwa lako kila mwaka kabla ya kutoka. Nami nasihi zaidi ya sheria: chukua wa kati, wenye sentimita 17 hadi 20, ambao wanatosha kikaangoni, na uwarudishe wenye zaidi ya sentimita 22. Warudishe upesi, kwani katika hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri macho na matamvua ya samaki huanza kuganda wakati wewe ungali unatafuta simu upige picha.

Dalili: mchana ulikuwa mzuri, au mchana ulikuwa mkavu

Blugili na pachi hula mchana, wakiongozwa na macho, na saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri huwa ni wakati wao. Krapi anaweza kukaa mbali na majani mchana kutwa, kisha akaingia ukingoni kwa muda mfupi jua linapozama. Aliyekuja kwa krapi akaondoka saa tisa hakukosea chambo wala mahali. Panga matundu ya ukingoni mapema, yaache yatulie, na uwe umekaa kimya juu yake nusu saa kabla ya jua kuzama. Sheria inaruhusu mishipi miwili kwenye barafu, hivyo mmoja unaweza kukaa na kiboya wakati wa pili uko mkononi.

Vifaa vikiganda, suluhisho ni jepesi. Barafu kwenye pete za ufito iyeyushwe kwa kutumbukiza ncha majini, na isikwanguliwe kwa kisu. Funza wakae mfuko wa ndani wa koti. Makali ya keekee yakauke na yafunikwe, na yasigongwe kwenye barafu ili kuondoa theluji.

Dalili: mahali palipokuwa pazuri wiki iliyopita pamekufa

Hapana kasoro katika uvuvi wako, msimu umesogea. Theluji nzito ikishafunika ghuba, sentimita 15 au zaidi, mwanga unaofika chini hupungua mno, majani yanaacha kutoa oksijeni, yanageuka kahawia na kuanza kuoza, na samaki wanatoka. Rudia jaribio la jani kila unapofika, hata mahali ulipopazoea. Likija la kahawia, ufuate mstari wa matundu kuelekea nje: kwanza ukingo wa majani, kisha mteremko, kisha lile shimo lililo karibu na mdomo wa ghuba, ambako sona sasa inakuwa na manufaa kwa sababu samaki wanaelea juu ya sakafu tupu. Krapi hutangulia kutoka, na huko hula viumbe vidogo vinavyoelea katikati ya maji. Blugili humfuata siku chache baadaye, ingawa baadhi yao hubaki mahali popote penye kijani kidogo kilichosalia.

Kwenye shimo hilo angalia kina kabla ya kuanza. Samaki anayetolewa zaidi ya mita 9 chini huvimba kibofu cha hewa anapopandishwa, na akirudishwa mara nyingi haishi. Hivyo hesabu ya kikomo chako ianze na samaki wa kwanza, awe mkubwa au mdogo, na ikitimia ukusanye vifaa.